Mwaka Bosi Alipokataza Honi

Mwezi uliopita wamemkata Dume wa mwisho. Nimeambiwa na mjukuu wangu, naye kaambiwa na kijana wa bodaboda, maana siku hizi habari zote zinapita kwa bodaboda kabla hazijafika redioni. Nikamwambia nipeleke. Akasema, "Bibi, na jua hili, na hayo magoti?" Nikamjibu magoti ni yangu, jua ni la Mungu, wewe kazi yako ni kutafuta usafiri. Tukatoka Kiseke mpaka yadi ya mizigo, na kweli nikamkuta amelala kwenye kokoto kama ng'ombe aliyekwisha kuchunwa. Vijana wenye mitungi ya gesi walikuwa wanamkata mbavu, cheche zinaruka mpaka kwenye majani. Mmoja akaniamkia shikamoo, nikaitikia, akaniuliza kama nimepotea njia. Nikamwambia mimi hapa nilikuwepo mama yako hajavunja ungo, sasa nani amepotea? Wakacheka, wakaendelea kukata. Sikulia. Watu walitegemea nilie, hata mjukuu alishatoa kitambaa. Lakini mimi sikwenda pale kuomboleza chuma. Nilikwenda kumtazama shahidi wangu kabla hajawa nondo za nyumba ya mtu, kwa sababu mwaka mmoja, wakati wa ruksa, mimi na yule Dume tulibishana na mtu mkubwa, na nataka ijulikane nani alishinda.

Madume walikuwa vichwa vya treni vya mizigo. Walikuwa wachache, hata kwenye enzi zao. Ukienda Tabora ungeona vichwa vingi vya kila namna, lakini Madume uliwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vidole vikabaki. Wenyewe wa reli waliwaita kwa namba. Sisi tuliokaa kando ya reli Igogo tuliwaita Madume kwa sababu ya sauti. Vichwa vingine vilikuwa na honi moja, inalia kama mtu aliyebanwa kidole na mlango. Dume alikuwa na midomo miwili juu ya paji la uso. Mmoja mnene, unaunguruma chini chini kama fahali anayechimba udongo kwa kwato. Mwingine mwembamba, unaita kama ndama aliyeachwa zizini mama yake kaenda malishoni. Dereva alikuwa na mkono mmoja wa chuma wa kuvuta: akivuta huku analia fahali, akisukuma kule analia ndama, na akijua kazi yake anawachanganya wote wawili. Na Mwanza yetu hii ni mawe matupu. Dume akilia anatokea Fela, jiwe la huku linapokea, linampa jiwe la kule, mpaka sauti ikifika mjini imekuwa kundi zima la ng'ombe. Wasukuma tunajua ng'ombe. Mtoto wa nyumba yoyote alikuwa akisikia sauti ile anainua kichwa.

Mimi nilikuwa napika ndani ya yadi. Jiko langu lilikuwa la mabanzi na bati kuukuu, mafiga ya mawe, benchi la taruma bovu la reli lililonuka oili hata uliloweke vipi. Ukikaa pale suruali yako inaondoka na alama, na madereva walijivunia alama hiyo. Walitoka Tabora wamekesha njiani, macho mekundu, wakifika wanataka chakula kiwe tayari, na mimi nisipike mapema kikapoa wala nisichelewe wakaondoka. Basi utaratibu ukajitengeneza wenyewe, sikumbuki nani alianza. Wakikaribia, dereva anaagiza kwa honi. Fahali ni sato. Ndama ni dagaa. Fahali na ndama pamoja ni nyama. Nikisikia, nasonga ugali, na treni ikiingia yadi mwiko bado uko moto. Hii ilikuwa kwa Madume tu, maana kichwa chenye mdomo mmoja kitaagizaje? Madereva wa vichwa vingine walikula kilichobaki na walinung'unika. Mwenzangu jikoni alikuwa Mama Anyango, Mjaluo wa Shirati, mrefu kama mlingoti, hana shida na mtu mpaka umchokoze. Yeye alisikia Dume kabla yangu. Alikuwa anasimama na kisu na samaki mkononi, anasema, "Masalu anakuja. Anataka nyama huyo, amepata posho."

Masalu ndiye dereva niliyempenda kuliko wote, na mume wangu alijua, nilimpenda kama kaka. Mnene, mcheshi, akila anafumba macho. Aliniita mayu, mama, ingawa tulikuwa rika moja. Kwenye benchi lile ndipo niliposikia habari za mwaka ule kabla hazijawa habari. Walikuwa wakila huku wanasemezana.

"Wamekuja na kalamu nyekundu, nimewaona Tabora."

"Kalamu haijui kuendesha treni."

"Haijui kuendesha, lakini kushusha watu inajua sana."

"Na Madume je?"

"Eti hawana vipuri. Watakula mmoja kumlisha mwingine mpaka waishe."

"Kama sisi," akasema Masalu, na akaomba aongezewe mchuzi.

Mwaka ule kila kitu kiliachiwa. Mitumba ilimwagwa barabarani, magari ya kila rangi, na sangara akaanza kupanda ndege. Hapo zamani sangara ukimtaka unampata mzima. Sasa viwanda vikachukua mnofu, sisi tukabakiwa na mapanki, kichwa na mifupa, tunakaanga na kunyonya. Waliniambia ndiyo maendeleo. Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini nikila mfupa najua nyama iko kwa mtu mwingine. Na kwenye reli wakaanza kupunguza watu. Mume wangu, Baba Neema, alikuwa fundi wa karakana, mikono yake haikutakata hata Jumapili. Alipunguzwa asubuhi, akarudi nyumbani mchana na koti lake la kazi limekunjwa kwapani kama kuku wa kuchinjwa. Nyumba ya reli tukaiacha, tukapanga chumba kimoja Igogo juu kwenye mawe, ukuta wa nyuma ulikuwa jiwe lenyewe. Mvua ikinyesha jiwe linatoka jasho. Dume akilia, ukiegemeza mgongo unasikia sauti inapita kwenye jiwe mpaka kwenye mbavu. Baba Neema alikuwa anaegemea pale kutwa nzima. Siku moja akasema, "Turudi Misungwi. Kaka atatupa kipande tulime pamba." Nikamuuliza, nikiishi kwenye boma la kaka yako, nitakuwa nani? Mke wa kuomba chumvi kwa wake wenzangu wa ukoo? Jiko langu lipo. Jiko likiwepo, hatuendi popote. Akasema, "Na jiko likiondoka?" Nikainuka nikaenda kuchekecha unga. Lakini tangu siku ile nilijua mzigo wote uko juu ya yale mafiga matatu.

Hazikupita wiki nyingi akaja bosi mpya wa yadi. Sitamtaja jina, ana wajukuu kama mimi. Alikuwa kijana bado, suruali ina mstari unaoweza kukata nyanya, na alitembea kwenye kokoto kama mtu anayekanyaga mayai. Alikuta jiko langu akaziba pua. Akasema yadi si soko la samaki la Mwaloni. Tenda ya chakula amepewa mzabuni, ataleta kantini yenye friji, soda na chipsi, na watumishi wote watakula huko. Mimi na Mama Anyango tukapewa siku ileile kutoka nje ya uzio. Halafu akamgeukia Masalu aliyekuwa anakula. "Na wewe dereva, nimesikia honi ya serikali inaagiza ugali. Kuanzia leo ni marufuku. Atakayepiga honi kwa ajili ya tumbo atakwenda kukaa nyumbani na wenzake."

Masalu akameza tonge. "Sawa, Bosi. Ila chipsi haziwezi kunifikisha Malampaka."

"Zitakufikisha."

"Labda nikizisukuma."

Tulibeba masufuria kichwani tukatoka. Mama Anyango alikuwa anatukana Kijaluo, taratibu, kama anasali. Tukafika pale tambukareli, barabara ya vumbi inapokata reli kabla treni haijaingia yadi, tukatua mizigo tupumzike. Na nilipokuwa nimekaa pale najifuta jasho, nikaona kile kibao. Nilikuwa nimekipita miaka yote bila kukitazama: nguzo fupi, juu yake kibao cheupe kina herufi moja. Masalu aliwahi kunieleza kazi yake. Dereva akikifikia kibao hicho lazima apige honi, kwa ajili ya watu na mifugo wanaovuka. Ni lazima, asipopiga ana kosa. Nikamwambia Mama Anyango, "Shusha na hilo sufuria lingine. Tumefika."

Akatazama huku na huku. "Tumefika wapi?"

"Hapa wanalazimishwa kupiga. Bosi anaweza kuwakataza yadi nzima, hapa hawezi. Sheria imesema wapige. Haikusema walie fahali au ndama."

Alicheka mpaka akakaa chini. Asubuhi yake Baba Neema akatoka kwenye jiwe lake. Sikumwomba. Alikuja na nyundo na bati tulilokuwa tunafunikia kuni, akatujengea paa. Alikuwa hajashika nyundo tangu alipopunguzwa, na siku ile alipiga misumari kama mtu anayejibu matusi. Basi tukapika pale. Dume akifika kwenye kibao analia, tunasikia anachotaka, na kwa kuwa treni inapunguza mwendo pale kuingia yadi, Mama Anyango na miguu yake mirefu alikuwa anatembea sambamba na kichwa cha treni, anapokea sufuria tupu la safari iliyopita na kuwapa lililojaa, limefungwa kwa kanga. Treni haisimami hata mara moja. Kantini ya yule mzabuni ikawa ya nzi na friji.

Kosa tulilofanya lilitokana na masikio yetu wenyewe. Dume mmoja aliharibika, wakamwegesha, wakaanza kumla kama ilivyosemwa kwenye benchi. Wakamtoa betri, wakamtoa taa, na siku moja wakamtoa honi, midomo yote miwili, wakafunga kwenye kichwa kingine cha kawaida ambacho honi yake ilikufa. Sisi hatukuambiwa. Mimi niko jikoni nasikia fahali analia kwenye kibao, mrefu, mzuri. Nikasema sato. Mama Anyango naye akasema sato. Tukasonga, tukapakua, akatoka mbio na sufuria, na tukaona kichwa ambacho si Dume kabisa, na ndani yake madereva wageni ambao hatujawahi kuwaona, wameganda kusubiri ishara ya kuingia yadi. Mama Anyango akageuka ananitazama kama mtu aliyeamkia shikamoo mti. Mimi nikamnyang'anya sufuria, nikashika ngazi ya treni kwa mkono mwingine.

"Chakula chenu hiki."

Dereva akachungulia. "Chakula gani, mama?"

"Sato. Umeagiza sato."

"Mimi? Nimepiga honi tu. Kuna mbuzi pale."

"Umelia fahali. Mwanza nzima imekusikia. Sasa unataka kuniambia mwanamke nimesonga ugali wa mbuzi?"

Msaidizi wake akaanza kucheka. Dereva akasema kwao Tabora honi ni honi. Nikamwambia hapa siyo kwao Tabora, hapa ukifungua mdomo kwenye kibao unakula ulichosema. Akatazama sufuria, nami nikafunua kanga kidogo, mvuke ukampata usoni. Sijui mwanaume aliyekesha njiani anayeweza kushinda mvuke wa sato mwenye nyanya na bamia. Walikula palepale ishara ikiwa bado haijafunguliwa, na dereva akaniuliza kwa sauti ya chini, mdomo umejaa, kwamba akitaka nyama analiaje.

Habari ilimfikia Bosi ikiwa imeota mbawa: mwanamke wa tambukareli amesimamisha treni. Akatuma neno kwamba anakuja kung'oa banda, eneo la pembeni mwa reli ni la reli. Baba Neema akasema basi, tumepambana, tufunge mizigo. Nikamwambia afunge ya kwake. Siku ya kuja kwao nilisonga ugali mkubwa kuliko siku zote. Sikuwa na mpango. Wapo watu wakisikia adui anakuja wanaficha watoto, mimi napika.

Walikuja mchana jua la utosi, Bosi na askari wa reli, mtu wa makamo mwenye rungu na buti zilizomzidi. Wanawake wawili watatu wa jirani walikuwa wanavuka na ndoo, wakasimama. Bosi akasema, "Mama, nilikuvumilia sana. Toa vyombo vyako."

"Sitoi."

"Unajua unazungumza na nani?"

"Najua. Wewe hunijui mimi."

"Banda hili linang'olewa leo."

"Ling'oe kwa mkono wako. Usimtume baba wa watu akaungue na bati."

Nikakaa kwenye figa moja, na sufuria likawa kati ya miguu yangu. Askari akamtazama Bosi, akanitazama mimi, akatazama sufuria. Na hapo Mama Anyango, aliyekuwa amesimama na kisu chake, akainua kichwa. Mimi sikuwa nimesikia kitu bado. Alisema, "Masalu."

Bosi akatabasamu. Alikuwa ameipata siku yake. Akasema leo atawakamata wote wawili, mpishi na dereva, sufuria mkononi. Akapanda kwenye tambukareli, akasimama katikati ya reli mbili, akainua mkono kama trafiki wa pale mjini, ili Masalu asimame mbele yake. Dume akatokea kwenye kona, mkubwa, mweusi wa masizi, mabehewa ya pamba nyuma yake. Akafika kwenye kibao. Nilijua Masalu ana watoto, na nilijua akilia kwa ajili yangu amekwisha. Nilisema moyoni, pita kimya kaka, lia ndama kidogo upite, nitajua mwenyewe la kufanya.

Hakupita kimya. Alivuta fahali na ndama kwa pamoja, na hakuachia. Jamani. Nilikuwa nimewasikia Madume maisha yangu yote, lakini sikuwahi kuwasikia wakilia bila kuvuta pumzi. Mawe yalipokea, yakarudisha, mabati ya Igogo yakatetemeka. Bosi alibaki na mkono wake juu. Nadhani aliona aibu kuushusha. Dume anakuja anapunguza, breki zinalia, honi haikatiki, mpaka Bosi akaona chuma kimemjaa machoni, akaruka, kiatu kimoja kikabaki kwenye kokoto. Honi ikanyamaza palepale, na Dume akasimama puani mwa jiko langu.

Kwetu Igogo honi isiyokatika ina maana moja: kuna mtu amekanyagwa. Watu walishuka kwenye mawe kama maji. Wanawake na kanga za kufunikia maiti, wanaume waliokuwa wanacheza bao, wachuuzi na mabeseni ya dagaa kichwani, Baba Neema kifua wazi anakimbia akidhani ni mimi. Wakakuta hakuna maiti. Wakakuta Bosi na kiatu kimoja.

Masalu akatoa kichwa dirishani, uso umetulia kama wa mtu anayesoma Injili. "Samahani, Bosi. Nimeona mtu relini. Sheria inasema usiache honi mpaka atoke. Wewe hukutoka."

Mtu mmoja nyuma akacheka, halafu wote. Kicheko kile hakikuwa cha furaha. Walikuwemo wengi waliopunguzwa, walikuwa hawajacheka miezi. Bosi akapiga kelele juu ya kelele, kwamba Masalu aondoe treni mara moja.

"Siwezi, Bosi. Umenisimamisha ghafla, breki zimeishiwa upepo. Mpaka zijae tena." Akashuka ngazi polepole na tumbo lake, msaidizi nyuma yake, na gadi akaja kutoka behewa la mwisho anafuta jasho. Masalu akanawa, akakaa juu ya taruma. "Mayu, nimeagiza nyama."

Nikampakulia. Nikawapakulia na wengine, waliokuja kuokota maiti wakala ugali, kila mtu tonge lake, wengine wamesimama. Bosi alitazama watu wale wamezunguka banda pande zote, akatazama bati, na nadhani alijua hakuna njia ya kulifikia. Nilichukua sahani nikampelekea. Nikamwambia, karibu, humu hatubagui. Hakuipokea. Aliokota kiatu chake, akaenda zake yadi akichechemea kwenye kokoto, na hakurudi tena tambukareli kwa miguu yake.

Nikageuka na sahani ile mkononi. Askari alikuwa bado yupo. Alikuwa amelaza rungu lake kwenye taruma, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, na anaitazama sahani aliyoikataa mkubwa wake.

"Mama," akaniuliza, "pilipili ipo?"

Nikamwambia akanawe mikono kwanza.